Mwaka Niliopima Chungu cha Mama Bahati

Bibi arusi alikuwa ananipita kwa kichwa kizima, nami nilifurahi kana kwamba ule urefu niliuzaa mimi. Alikuwa amesimama chini ya turubai pale Shasha, ziwa likimeremeta nyuma yake, na mumewe, ambaye si mfupi, alilazimika kuinua shingo ili amnong'oneze. Nilifika nimechelewa vibaya. Pikipiki ilikwama katika matope baada ya Sake, dereva akavua viatu, nami nikavua vyangu, na tulipofika watu walikuwa wamekwisha kula. Sambaza, vile visamaki vya ziwani, zilibaki mikia, akina mama walikuwa wanatumbukiza sahani chafu katika mabeseni, na kwaya ilikuwa imeshiba kiasi cha kuimba taratibu. Msema-chochote wa sherehe akashika kipaza sauti na kumwita bibi arusi, "Neema Mugeni!" Vigelegele vikapasuka. Wengi pale wanadhani Mugeni ni jina la ukoo. Mimi najua lilitoka wapi. Lilitoka katika chungu, na katika kosa langu, katika mwaka nilioishi Nyamitaba, kule milimani Masisi, nikiwa kijana mwenye mizani moja, karatasi moja na kiburi cha watu kumi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Goma na diploma ya lishe niliyoibeba ndani ya mfuko wa plastiki ili mvua isiiguse. Kituo cha afya cha kilima chetu kilinipa chumba kilichokuwa ghala: magunia ya unga wa uji upande mmoja, kitanda changu upande wa pili, na panya waliokuwa hawaheshimu mpaka. Ukutani, kwa gundi ya ugali, nilibandika jedwali nililolinakili kwa mkono shuleni. Kila mstari ulikuwa aina ya mtu: mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, msichana anayekua, mwanamume mzima, mama mjamzito, mama anayenyonyesha. Kila safu ilikuwa kitu ambacho mwili wa mtu huyo unahitaji kwa siku: nguvu, protini, chuma, vitamini A, na vingine vidogo hivi kwamba hesabu yake ilinitia kizunguzungu. Kuna nyumba zinazotundika picha ya Yesu juu ya kitanda. Mimi nilitundika hilo, na nikiri kwamba nililiangalia kwa imani ileile. Nilidhani mtu akijua zile namba, amejua kula. Leo nina nywele za mvi, nimefundisha jedwali hilo kwa wanafunzi wengi, na kila mara nikifika kwenye kichwa chake, yale maneno machache ya juu kabisa ambayo hakuna anayeyasoma, nasimama kidogo na kuona aibu ya zamani ikipita mbele yangu.

Kazi yangu ilikuwa kwenda nyumba kwa nyumba na kupima kilichoingia chunguni. Nilipima maharagi yakiwa makavu, unga kabla haujasongwa, mboga za lenga-lenga baada ya kuchambuliwa, mafuta ya mawese kwa kijiko. Mwanamume anayechungulia vyungu vya wanawake si kitu cha kawaida Masisi, wala sidhani ni cha kawaida popote. Siku ya pili tu walikwisha kunipa jina: Papa Balanse, yaani Baba Mizani. Wakiniona nikipanda na mizani begani walipiga kelele toka shambani, "Mama Bahati, ficha mafuta! Balanse iko nakuja!" Mama mmoja aliniuliza kama mke wangu nitamchagua kwa kumpima. Nilijibu kwamba nitampima mama mkwe kwanza, wakacheka hadi wakaweka majembe chini. Kwa hiyo nilipendwa, na mtu anayependwa haraka huanza kujiona ana akili.

Nyumba niliyoipima kuliko zote ilikuwa ya huyo Mama Bahati. Walikuwa watu wanane. Papa Bahati, mkulima asiyesema sana. Mama yake mzee, Koko Sabina, aliyesema kwa ajili ya wote wawili. Mama Bahati mwenyewe, mwanamke mrefu aliyeolewa kutoka Walikale, kule msituni, na ambaye baada ya miaka kumi na mbili ya ndoa bado aliitwa "ule wa Walikale" na majirani wakati hayupo. Na watoto watano, Bahati akiwa mkubwa, Neema akiwa wa mwisho. Neema alikuwa na miaka miwili. Siku ya kilo, mara moja kwa mwezi akina mama wote wanapoleta watoto kituoni na kuwaning'iniza kwenye mizani yenye kaptula ya kitambaa, wenzake walipiga mateke na kulia. Neema alining'inia kimya kama nguo iliyoanikwa. Kwenye kadi yake, mstari wa uzito uliopaswa kupanda ulikuwa umelala miezi mitatu, kisha ukaanza kuteremka kuelekea kwenye rangi nyekundu.

Nilipima chungu cha nyumba ile siku saba mfululizo. Nikajifungia ghalani, nikajumlisha maharagi, ugali, mboga, mafuta na maziwa kidogo ya ng'ombe wa jirani. Nikajumlisha pia mahitaji ya watu wanane kutoka jedwalini. Chungu kilishinda. Kilikuwa na cha kutosha watu wote, na kikabakiza. Nilirudia hesabu mara tatu, nikapata jibu lilelile, nikalala nikiwa nimeridhika, kana kwamba jibu langu lilikuwa limemshibisha mtu.

Siku ya kilo iliyofuata Neema alikuwa ameshuka tena. Koko Sabina alikuja naye safari hiyo, amejifunga kitenge cha kanisani, na mbele ya akina mama wote waliojazana barazani akaniuliza kwa sauti. "Papa Balanse, weye njo unapimaka chakula ya kwetu. Chakula ya mule nyumba inatosha ao haitoshe?"

Ningeweza kusema tutaongea pembeni. Ningeweza kumwangalia Mama Bahati, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama mkwe wake na kadi ya mtoto mkononi. Lakini nilikuwa nimeulizwa swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo. Nikatunisha kifua nikasema, "Inatosha, Koko. Inatosha, na inabaki."

Koko Sabina akageuka polepole kumtazama mke wa mwanawe. "Munasikia? Inatosha na inabaki. Sasa, kama inatosha, inaendaka wapi? Maharagi ya mutoto wangu inaendaka wapi? Ku soko? Ku Walikale?"

Mama Bahati alimchukua Neema, akamfunga mgongoni, akateremka. Jioni ile habari ilikwisha kufika kila nyumba, na kesho yake nikaisikia rasmi, kwa maana kuta za kituo ni mbao na Koko Sabina haongei kwa siri. Alimweleza muuguzi mkuu kwamba ukoo umekaa kikao. Watangoja siku ya kilo ijayo. Mtoto akiwa bado anashuka, atahamishiwa kwa shangazi yake kule Kingi, na mama yake atarudi kwao Walikale na nguo zake. "Muntu anaiba chakula ya mutoto wake mwenyewe, huyo haiko mama." Alisema hivyo na akaongeza kwamba ushahidi upo, umepimwa kwa balanse.

Muuguzi mkuu, Papa Anselme, alikuwa mtu mzee mwenye koti jeupe lililopauka kuwa la manjano, na hakuwahi kunipigia kelele. Aliingia ghalani kwangu, akakaa juu ya gunia, akaangalia jedwali langu. "Soma," akasema. Nikaanza kusoma mstari wa mtoto. "Hapana. Anza kule juu." Nikasoma kichwa: kwa mtu mmoja, kwa siku moja. "Rudia." Nikarudia. "Imeandikwa muntu ao imeandikwa chungu?"

"Muntu, Papa."

"Na weye ulipima nini?"

Nilisema nilipima chungu. Akauliza kama niliwahi kumwona Neema anakula. Nilikuwa nimeingia nyumba ile mara saba, najua gramu za chumvi yao, na sikuwahi kumwona yule mtoto akipeleka kitu mdomoni, kwa sababu kila mara nilipomaliza kupima nilikunja mizani na kuondoka kwa adabu kabla ya watu kula. Papa Anselme akainuka, akapangusa unga kwenye suruali. "Enda ukule kule kwao, mwezi yote. Na usibebe balanse."

Kumwomba Mama Bahati chakula baada ya yale niliyomtendea ndilo jambo gumu kuliko yote niliyofanya mwaka ule; nililiahirisha wiki nzima. Nilimkuta anachambua maharagi. Hakuinua kichwa. Nikamwambia nimekuja kuomba niwe ninakula kwake, nitaleta unga wangu na mafuta yangu. Aliendelea kutupa mawe madogo pembeni, tiki, tiki, kisha akasema, "Karibu. Ukuje uone fasi chakula inaendaka." Sijawahi kukaribishwa kwa baridi namna ile, na nilistahili.

Jiko lao lilikuwa nyumba ndogo pembeni, imejaa moshi, na mlango mfupi uliokulazimisha kuinama. Mama Bahati alipakua kwanza sahani ya mumewe na ya Koko Sabina, akatoka nazo kuwapelekea sebuleni, na akabaki huko kuwanawisha mikono, kumsikiliza mama mkwe, kurudi kuchukua chumvi, kwenda tena. Watoto watano walikaa jikoni kuizunguka sahani moja kubwa ya bati. Ndivyo sisi sote tulivyolelewa. Sahani moja ndiyo inawafanya watoto kuwa ndugu, na sikuwahi kuifikiria ubaya wowote. Nilikaa kwenye kigoda nikatazama. Bahati, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa na mkono mkubwa na koo lisilongoja meno. Wale wa katikati walijua kazi yao. Neema alivunja kipande cha ugali kidogo sana, akakigeuza-geuza, akakichovya kwenye maji ya maharagi pembeni mwa sahani, akaanza kutafuna kwa utulivu wa mzee asiye na meno. Alipomaliza kutafuna, sahani ilikuwa imeng'aa. Hakulia. Alilamba vidole vyake, akaja kunikalia mguuni. Mama yake aliporudi alikuta sahani tupu na watoto watano wenye midomo iliyolowa, akaamini, kama mimi nilivyoamini, kwamba wote wamekula.

Nilitaka kulia, na nilitaka kukimbia nikaipige kengele ya kanisa. Hakuna aliyeiba. Chakula kilitosha kweli, na mtoto alikuwa na njaa kweli, na vyote viwili vilikuwa kwenye sahani moja. Zile namba za jedwali sikuwa nimezielewa kabisa. Hazikusema nyumba ijumlishwe kisha igawanywe na kalamu. Zilisema kila mdomo una kiasi chake, na kile cha Neema hakiwezi kuliwa na Bahati kwa niaba yake. Tena ziliwekwa juu kidogo ya kile ambacho mtu wa wastani anahitaji, kwa makusudi, ili hata yule ambaye mwili wake unadai zaidi ya wenzake asiachwe nyuma. Watu waliozitunga walikuwa wamemfikiria mtoto kama Neema. Mimi niliyekaa naye kilima kimoja sikumfikiria.

Kesho yake nilifika na sahani ndogo mpya niliyoinunua, nikaeleza niliyoyaona, na kwa furaha ya mtu aliyevumbua kitu nikasema Neema awe anapakuliwa peke yake. Nilidhani watanibeba juu. Koko Sabina aliisukuma ile sahani kwa kidole. "Sahani ya peke yake? Hiyo njo ya mugonjwa wa kuambukiza. Ao ya murozi, ya muchawi. Unataka batu baseme mujukuu wangu iko na sumu?" Nikamgeukia Mama Bahati, nikiwa na hakika yeye ataniunga mkono, kwani mtoto ni wake na shida ni yake. Akatikisa kichwa. "Hapana, Papa Balanse. Mutoto wangu hatatengwa. Mimi najua kutengwa." Nikairudisha sahani yangu kwenye mfuko. Siku kumi tangu siku ya kilo zilikuwa zimekwisha kupita.

Niliendelea kula pale, maana Papa Anselme hakunipa ruhusa ya kuacha. Na katika kula nikaona kitu ambacho bila shaka kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Kabla ya kumpakulia mtu yeyote, hata mumewe, Mama Bahati alichukua chungu kidogo chenye kifuniko, akatia ugali, akachota maharagi kutoka chini kabisa ambako ni mazito, akamimina mafuta kidogo, akafunika, akakiweka pembeni ya mafiga. Hakuna mtoto aliyekigusa. Bahati, ambaye angeweza kula jiwe, alikipita kana kwamba hakipo. Nikauliza ni cha nani. Akanishangaa. "Ya mugeni. Kwenu hamuwekake ya mugeni?" Nyumba ya kilimani haikosi sehemu ya mgeni. Asipokuja mtu, asubuhi inaliwa na anayetangulia shambani.

Nilimwona anasimama na mwiko mkononi. Alikuwa ananiangalia, kisha akaangalia kile chungu kidogo, kisha Neema, aliyekuwa amekaa kwenye sahani kubwa akitafuna kipande chake kimoja. "Papa Balanse," akasema taratibu, "enda ulete ile balanse yako."

Nilikimbia. Kilima kile kinapandwa kwa kupumzika mara mbili; sikupumzika. Nilipima sehemu ya mgeni mbele yake, nikaandika, nikahesabu kwa mkaa juu ya ubao wa mlango. Kwa mtoto wa umri wa Neema, akiipata nusu jioni, nusu nyingine asubuhi, na uji wake wa mchana, tulikuwa tumefika. Hata safu ya chuma ilisogea vizuri. Mama Bahati hakujua kusoma zile namba lakini alisoma uso wangu. Alikichukua kile chungu, akamshika Neema mkono, akaingia sebuleni alikokaa mama mkwe wake, nami nyuma yao na mizani.

"Mama," akasema, "hii nyumba iko na mugeni, na hatujamupa chakula."

Koko Sabina akatazama mlangoni. "Mugeni gani?"

"Huyu. Iko na miaka mbili tu tangu afike. Hajajua njia ya hapa, hajajua kugombana ku sahani. Miye nilifika hapa mugeni, mulinipa sehemu yangu mbele ya batu bote, nakumbuka. Huyu tulimusahau."

Papa Bahati aliacha kutafuna. Koko Sabina aliangalia kile chungu. Ilikuwa sheria yake mwenyewe, aliyomfundisha mke wa mwanawe wiki ya kwanza ya ndoa, na hakuna mtu wa Masisi mwenye haya anayeweza kusimama nyumbani kwake na kusema mgeni asile. Akamvuta Neema, akamkalisha kwenye mkeka, akaondoa kifuniko mwenyewe. "Kula, mugeni wetu." Mtoto akatazama kulia na kushoto akitafuta ile mikono mingine. Haikuwapo. Akala. Papa Bahati akauliza kwa sauti ndogo, na kama mgeni mwingine akija? Koko Sabina akajibu bila kumtazama, "Atakula yangu."

Siku ya kilo iliyofuata baraza lilijaa hadi watu wakasimama mvuani. Wengine walikuja kwa ajili ya watoto wao. Wengi walikuja kuona mwanamke anarudishwa Walikale. Koko Sabina mwenyewe alimtia Neema kwenye ile kaptula ya kitambaa. Na Neema, aliyekuwa ananing'inia kama nguo, akapiga teke. Lilimpata Papa Anselme kwenye miwani. Mshale wa mizani ulicheza, ukatulia, nikausoma, nikausoma tena, nikamwita Papa Anselme ausome kwa miwani yake iliyopinda. Mtoto alikuwa amepanda. Si kidogo cha kubishania. Alikuwa amepanda, nami nikachora mstari kwenye kadi ukielekea juu. Nikapanda juu ya benchi. Niliwaambia wote kwamba mwezi uliopita nilisema uongo bila kujua, kwamba nilipima chungu na sikupima mtu, kwamba katika nyumba ile hakuna mwizi ila ujinga wangu. Sikumbuki nilimalizaje. Vigelegele vilinifunika. Mama Bahati alikuwa amesimama katikati ya akina mama wale, analia na kucheka, na hakuna aliyemwita wa Walikale siku ile.

Wiki hiyohiyo nyumba nyingine tatu zilianza, kisha kilima kizima, na mtoto mdogo wa kila nyumba akaitwa mugeni hadi ajue kugombana. Krismasi Mama Bahati alikwenda Walikale kweli, lakini kwa matembezi, na zawadi za mama mkwe kichwani na Neema mgongoni, aliyenenepa hadi mama yake akalalamika njia nzima kwamba mtoto ni mzito. Niliambiwa alilalamika kwa kila aliyekutana naye, hata wasiouliza. Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, Walikale yenyewe na kwingine, na sijawahi kushinda kama nilivyoshinda mwaka ule, ingawa aliyeshinda hasa alikuwa na mwiko, si mizani.

Pale Shasha, chini ya turubai, nilitafuta kiti nyuma nikiwa na matope hadi magotini, nikijiambia njaa ya siku moja haiui. Nikaona watu wananipisha nafasi. Bibi arusi alikuwa anakuja, ameshika gauni kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine ameshika chungu kidogo chenye kifuniko. Mama yake alikuwa nyuma yake, anatembea kwa fimbo sasa, na bado mrefu. Neema akainama, akaniwekea chungu mapajani. "Papa Balanse, ya mugeni hii. Mama aliiweka pembeni mbele batu bote bakule." Nikafunua. Maharagi ya chini kabisa, mazito, na mafuta juu.

Mama Bahati akaegemea fimbo yake, akainua sauti ili meza za karibu zisikie, na macho yake yalikuwa yanacheka. "Sasa utuambie, Papa Balanse. Inatosha ao haitoshe?"

Nilitazama kwanza kushoto, nikatazama kulia, nikamwona dereva wa pikipiki amekaa pembeni na mikono mitupu. Nikamwita, akaja, akanawa, akakaa karibu yangu. Nilipoona mkono wake umeingia chunguni na kutoka na kitu, ndipo nikajibu.

"Inatosha, Mama."